Nyongeza ya mafuta kwa kamyo: kama inapanda, inapashwa kushuka pia



Kamateni bon za usafiri za msimu uliopita, zile ambazo katibu wenu anatunza kwenye fardi. Juu mtaona bei ya kusafirisha mfuko mmoja mpaka Lubumbashi. Chini yake, mara nyingi kwa kalamu nyingine, mtaona mstari mdogo: "nyongeza ya mafuta". Wengine wanaandika "siplema". Wengine hawaandiki kitu, wanadai tu kwa mdomo wakati mifuko imekwisha kupandishwa na shofere ameshika funguo.

Mstari huo mdogo unakula feza nyingi za wakulima. Katika mikutano tunayofanya na koperative za njia ya Kasenga, ya Kipushi, ya Likasi na ya Sakania, ulizo moja linarudi kila mara: wenye makamyo na mabisi wana haki ya kuendelea kutuomba nyongeza hiyo, ao tuikatae?

Jibu letu tunalitoa mapema ili msitafute. Nyongeza yenyewe si wizi. Mafuta yakipanda, kuna mtu anapashwa kulipa. Lakini nyongeza isiyoandikwa, isiyo na hesabu, na isiyoshuka siku mafuta yanashuka, hiyo si nyongeza tena. Ni bei mpya iliyovaa nguo ya mafuta. Ya kwanza tuilipe. Ya pili tuikatae, na tuikatae kwa hesabu, bila matusi.

Juu ya nini wenye makamyo wanaiomba

Tuanze na upande wao, maana mapatano mazuri yanaanza kwa kusikia mwenzako.

Mazuti inayoingia kwenye tanki la kamyo hapa Haut-Katanga imetoka mbali. Kwa sehemu kubwa inashuka melini kwenye Bahari ya Hindi, Dar es Salaam ao Beira, inapita Zambia, na inaingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kuna bomba la mafuta, TAZAMA, lenye kilometa 1,710, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lililojengwa mwaka 1968. Kutoka Ndola mafuta yanabebwa na makamyo ya tanki. Kila mahali hapo kuna mtu wa kulipwa: meli, bandari, bomba, dereva, forodha.

Bei ya pompi haiamuliwi na mwenye stasio. Inapangwa na Leta kupitia Wizara ya Uchumi wa Taifa, na nchi imegawanywa kwa zone. Sisi tuko zone ya Kusini. Katika hesabu ya Leta kuna bei ya mafuta mpakani, gharama za kuyagawa, kodi, na kiwango cha dola. Kwa hiyo bei inaweza kupanda hata kama mafuta ya dunia hayajasonga, kama franka imeanguka mbele ya dola.

Tena kuna siku pompi inakauka. Hapo mwenye kamyo anabaki na njia mbili: kulaza kamyo, ao kununua mafuta ya bido kando ya barabara kwa bei ya juu. Mizigo yako inamngoja, anaenda kwenye bido. Ongeza barabara zetu wakati wa mvua, ambako kamyo inakaa katika matope na motere inawaka bila kusonga mbele. Mazuti inaisha, kilometa haziongezeki.

Na jambo la mwisho: makamyo hayatungojei sisi peke yetu. Kwenye barabara ya taifa namba 1, kutoka Kolwezi kupitia Likasi na Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, kuna kazi ya migodi. Mwenye kamyo akiona mahindi hayamlipi, anaweza kutafuta mzigo mwingine. Koperative inayosema "hatutoi hata franka moja juu ya mafuta" inaweza kubaki na mahindi yake kwenye depo mpaka wadudu wayamalize.

Nani analipa mwisho wa yote

Wengine wanafikiri nyongeza inalipwa na mnunuzi wa mjini. Si kweli, ao si kweli mara nyingi.

Bei ya mfuko wa mahindi Lubumbashi haitokani na gharama zetu. Inatokana na wingi wa mahindi sokoni, na kwa sehemu kubwa na mahindi na bunga vinavyoingia kutoka Zambia. Mama anayeuza bunga kwa meka kule Kenya ao Katuba hatanunua mfuko wako kwa bei ya juu kwa sababu kamyo yako ililipa nyongeza. Atanunua kwa bei ya siku hiyo. Kinachobaki kati ya bei ya mjini na gharama ya njia ndicho chako. Njia ikiongezeka, chako kinapunguka.

Ndiyo maana nyongeza ya franka mia chache kwa mfuko si jambo dogo. Haitoki kwenye bei yote ya mfuko. Inatoka kwenye faida, ile sehemu nyembamba inayobaki baada ya kulipa mbegu, mbolea, vibarua, mfuko mtupu na usafiri. Feza hiyo ni ya minerval ya watoto na dawa ya hospitali.

Hivyo hivyo kwa safari za watu. Mama anayeenda mjini na vikapu viwili vya nyanya analipia kiti chake, analipia vikapu, halafu anaambiwa mafuta imepanda. Na kuna nyongeza nyingine isiyosemwa. Kinshasa wanaiita "demi-terrain": shofere anakata safari moja vipande viwili, na abiria analipa mara mbili kwa njia ile ile. Bei kwenye karatasi haikupanda, lakini mfukoni feza imetoka mara mbili.

Inapanda mbio, inashuka kama kinyonga

Tatizo kubwa si siku nyongeza inaanza. Siku hiyo sababu inaonekana, kila mtu ameona bei mpya kwenye pompi. Tatizo ni siku sababu imeisha.

Mmesikia maneno haya sisi wote tunayajua. Mafuta yakipanda: "Mama, mafuta ilipanda, si unajua mwenyewe." Mafuta yakishuka: "Bado, mama, tungojee kwanza." Mwezi unapita, unauliza tena: "Ile njo bei ya sasa." Nyongeza imekuwa bei. Na mafuta yakipanda tena, nyongeza mpya inawekwa juu ya ile ya zamani.

Lakini mafuta yanashuka pia, tena sana. Mwezi wa nne 2020, wakati wa korona, pipa la mafuta ya Brent, ambalo dunia inalitumia kama kipimo, lilianguka chini ya dola 20. Mwezi wa tatu 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, lilipita dola 120. Mwisho wa mwaka huo huo wa 2022 lilikuwa limerudi karibu na dola 85. Kweli, bei ya pompi yetu haifuati pipa siku kwa siku, kwa sababu Leta inaipanga, na mara nyingi imelipa makampuni ya mafuta sehemu ya tofauti ili bei isiruke. Lakini hakuna bei ya mafuta inayopanda tu milele. Nyongeza inayopanda tu milele inatokana na kitu kingine.

Hata makampuni makubwa ya ndege yamekamatwa katika mchezo huu. Kati ya mwezi wa nane 2004 na mwezi wa kwanza 2006, British Airways na Virgin Atlantic zilikuwa zinaongea kwa siri juu ya nyongeza ya mafuta kwenye tikiti za safari ndefu. Katika kipindi hicho nyongeza ilitoka pauni 5 mpaka pauni 60 kwa kwenda na kurudi. Virgin ndiyo iliyotoboa siri, ikaponyoka faini. Mwaka 2007 British Airways ilitangaziwa faini ya pauni milioni 121.5 Uingereza, iliyopunguzwa mwaka 2012 mpaka milioni 58.5, na nyingine ya dola milioni 300 Marekani, ambayo ilihusu pia mizigo.

Kwa mizigo ilikuwa vile vile. Mwaka 2010 Tume ya Ulaya ilipiga faini makampuni 11 ya ndege za mizigo, karibu euro milioni 799 kwa jumla, kwa kupatana juu ya nyongeza ya mafuta na nyongeza ya usalama. Mahakama ilifuta uamuzi huo kwa kosa la utaratibu, lakini mwaka 2017 Tume ikautoa tena, euro milioni 776.

Tunawaambia habari hizi kwa sababu moja. Makampuni yale hayakuhukumiwa kwa kuomba nyongeza ya mafuta. Yalihukumiwa kwa kupatana kwa siri juu yake, ili mteja akitoka kwa mmoja akute kiasi kile kile kwa mwingine. Nyongeza ni mahali rahisi pa kufichia bei, kwa sababu mteja anaogopa kuibishia. Nani atabishana na mafuta?

Kuna wanaofanya vizuri

Wajapani wametuonyesha namna nyingine. Makampuni yao mawili makubwa ya ndege, Japan Airlines na ANA, yana jedwali linalojulikana na kila mteja. Wanaangalia bei ya wastani ya mafuta ya ndege, na kila miezi miwili wanatangaza nyongeza mpya. Bei ya pipa ikiwa chini ya yen 6,000, nyongeza ni sifuri. Na haikubaki kwenye karatasi: mwezi wa nne 2016 mafuta yalikuwa chini, nyongeza ikaondolewa kabisa. Mwaka 2017 mafuta yalipanda, nyongeza ikarudi. Kanuni ilikuwa imeandikwa kabla.

Karibu na sisi, majirani wana kitu kingine kinachosaidia: siku inayojulikana. Tanzania, EWURA inatangaza bei za kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya, EPRA inatangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Zambia nayo inapitia bei kila mwezi tangu mwaka 2022. Na nauli za mabisi Tanzania zinapangwa na LATRA, baada ya kusikia wenye mabisi na abiria. Mwaka 2022 mafuta yalipopanda, LATRA ilipandisha nauli kwa tangazo moja, kwa kila kilometa, na abiria angeweza kusoma mwenyewe. Bisi haikuweka nyongeza yake pembeni.

Wengine kati yenu wanasema: basi tufute nyongeza kabisa, mwenye kamyo atupe bei moja ya mwisho, tumalizane. Wazo hilo lina nguvu yake. Bei moja ni rahisi kulinganisha kati ya makamyo matatu. Kwa safari moja ya leo ao ya wiki hii, sisi pia tunasema hivyo: bei moja, imeisha, bila nyongeza njiani.

Lakini kwa mapatano ya msimu mzima, tangu mwezi wa nne mavuno yanapoanza mpaka depo ziwe tupu, bei moja ina hatari yake. Mwenye kamyo hajui mafuta yatakuwa bei gani baada ya miezi mitano. Ataweka woga wake ndani ya bei tangu siku ya kwanza, na utaulipa hata kama mafuta hayakupanda. Ao atakubali bei ndogo, na mafuta yakipanda ataacha kuja. Kwa msimu mzima, nyongeza iliyoandikwa vizuri ni afadhali kwa pande zote mbili.

Tufanye hesabu pamoja

Namba hizi ni za mfano. Wekeni zenu mahali pake.

Tuseme siku ya mapatano mazuti ni franka 3,000 kwa litre. Kamyo inatoka Lubumbashi mpaka kijijini, kama kilometa 200, inarudi. Jumla kilometa 400. Inakula litre 40 kwa kilometa 100. Safari nzima ni litre 160. Inabeba mifuko 200 ya kilo 50, ndiyo tani 10.

Sasa mazuti inapanda kwa franka 300, inafika 3,300. Mwenye kamyo ameongeza gharama gani kweli? Litre 160 mara franka 300 ni franka 48,000. Gawanya kwa mifuko 200: franka 240 kwa mfuko.

Akiomba franka 1,000 kwa mfuko, anaomba franka 200,000 kwa safari, wakati mafuta yamemuongezea 48,000. Zile 152,000 zinazobaki si mafuta. Labda ni pneu, labda ni vizuizi vya njiani, labda ni faida yake tu. Anaweza kuziomba, lakini aziite kwa jina lake, na mzungumze juu yake.

Hesabu hiyo hiyo inamtetea pia mwenye kamyo. Tuseme pompi zimekauka na amenunua mafuta yote ya bido kwa franka 5,000. Tofauti ni franka 2,000 kwa litre. Mara litre 160 ni franka 320,000. Kwa mfuko ni franka 1,600. Siku hiyo akiomba 1,000, anawahurumia. Koperative inayopiga kelele siku hiyo inamkosea. Lakini pompi zikijaa tena, ile 1,600 iondoke.

Angalieni tena mambo mawili. Kwanza, kamyo ikienda nusu, mifuko 100 badala ya 200, ile nyongeza ya 240 inakuwa 480 kwa mfuko. Kujaza kamyo kunapunguza nyongeza kuliko mabishano ya siku nzima. Vijiji viwili vikikusanya mahali pamoja, vyote vinashinda. Pili, kama kamyo ilipanda kutoka Lubumbashi na simenti, sabuni ao chumvi ya mfanyabiashara, huyo naye amelipia njia ya kwenda. Hapo ninyi mnalipia kurudi tu: franka 120, si 240. Ulizeni kamyo ilikuja na nini.

Sheria inatupa nini mkononi

Wengi wanafikiri mapatano ya kamyo ni ya mdomo tu. Hapana.

Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 mwezi wa tisa 2012. OHADA ina sheria ya pamoja juu ya mkataba wa kusafirisha mizigo kwa barabara, iliyopitishwa Yaoundé mwaka 2003. Sheria hiyo inasema juu ya karatasi ya mzigo, "lettre de voiture", inayoandika nani anatuma, nani anapokea, mzigo gani, uzito gani, na pia gharama: bei ya usafiri na gharama za pembeni. Nyongeza ya mafuta ni gharama ya pembeni. Mahali pake ni hapo, kabla kamyo haijaondoka. Si mahali pake penye kizuizi cha Lubumbashi saa mbili ya usiku.

Tena kuna sheria namba 18/020 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Ina maana kwamba kwa kawaida muuzaji na mnunuzi wanapatana bei wenyewe, na kwamba wafanyabiashara hawaruhusiwi kupatana kwa siri ili bei iwe ile ile kwa wote. Kama makamyo yote ya njia moja yanaamka asubuhi moja na nyongeza moja, na bei ya pompi haijasonga, mna haki ya kuuliza, na mna haki ya kupeleka ulizo hilo kwa divisheni ya uchumi ya jimbo. Andikeni kwa jina la koperative. Mukanda wa memba mia mbili unasomwa upesi kuliko malalamiko ya mtu mmoja.

Maneno sita ya kuweka kwenye mapatano

Hatuwaombi kuandika mkataba wa kurasa kumi. Karatasi moja inatosha, na mistari sita:

1. Bei ya kusafirisha mfuko, na uzito wa mfuko.
2. Bei ya mazuti kwa litre siku ya kutia sahihi. Hiyo ndiyo bei ya msingi.
3. Litre ngapi kwa safari, na mifuko mingapi kamyo ikijaa.
4. Kiasi ambacho chini yake hakuna anayesumbua mwenzake. Kwa mfano: bei ya mazuti ikisonga chini ya sehemu 5 kwa 100, bei ya mfuko haibadiliki.
5. Ikipanda zaidi, nyongeza inahesabiwa kwa kanuni ile ile tuliyofanya juu. Ikishuka chini ya bei ya msingi, koperative inapunguziwa kwa kanuni ile ile. Mstari huu ndio moyo wa karatasi. Bila huo, mingine mitano ni kazi ya bure.
6. Wakati wa kukauka kwa pompi, mwenye kamyo anaonyesha alinunua wapi na kwa bei gani, na nyongeza hiyo inaisha pompi zikifunguliwa.

Mwenye kamyo akikataa mstari wa tano, mmejifunza jambo: nyongeza yake haikuwa ya mafuta. Bado mnaweza kusafiri naye kama hakuna mwingine. Lakini mnajua mnalipa nini, na msimu ujao mtajua wa kumtafuta.

Kuna koperative zinazoweza kwenda mbele zaidi: koperative inalipa mafuta yenyewe kwenye stasio, litre zilizopatanwa, na mwenye kamyo analipwa kazi ya kamyo na shofere tu. Hapo ulizo la nyongeza linakufa. Lakini inahitaji feza mkononi kabla ya kuuza, na mtu mwaminifu wa kusimama kwenye pompi mpaka litre ya mwisho. Msianze hivyo kama kasa yenu bado ni changa.

Na sisi wenyewe?

Hatuwezi kumaliza bila kugeuza kioo upande wetu.

Koperative nyingi nazo zinakata wanachama kitu juu ya usafiri: pikipiki inayozunguka kukusanya, kamyoneti ya kupeleka depo, safari za prezida na mtunza kasa kwenda mjini. Mafuta yalipopanda, komite iliongeza makato. Ilikuwa haki. Lakini yaliposhuka, nani alisimama kwenye mkutano mkuu na kusema: "Wapendwa, leo tunapunguza"? Mwanachama asiyeona makato yakishuka ana maneno yale yale kwa komite ambayo komite ina kwa mwenye kamyo. Na akichoka, anauzia mnunuzi wa njiani anayekuja na mizani yake mwenyewe, iliyochezewa.

Kwa hiyo kanuni iwe moja, nje na ndani. Bandikeni kwenye ukuta wa depo bei ya mazuti ya leo na makato ya leo. Ibadilishwe kila mwezi, siku moja inayojulikana, kama majirani wetu wanavyofanya. Memba asiyejua kusoma ataambiwa na mtoto wake wa shule.

Kwa mkutano wenu ujao

Tunaomba kila koperative itenge saa moja kabla ya kamyo ya kwanza ya mavuno, na ijibu maulizo haya:

Msimu uliopita tulilipa nyongeza ya mafuta ya jumla gani? Katibu ajumlishe bon zote, namba moja isomwe mbele ya wote.

Bei ya pompi ilikuwa ngapi mwanzo wa msimu, na ngapi mwishoni? Nyongeza ilifuata, ao ilibaki juu?

Makamyo yetu yaliondoka yamejaa mara ngapi, na nusu mara ngapi?

Nani kati yetu, wanawake na wanaume, atakwenda kuzungumza na wenye makamyo? Watumeni wawili ao watatu, si mmoja. Na mmoja wao awe mama anayeuza mjini mwenyewe, maana anajua bei ya sokoni ya asubuhi hiyo.

Wenye makamyo si maadui wetu. Bila wao mahindi yanaoza mukini na mji unakosa bukari. Wengi wao wanakubali hesabu wakiona na ninyi mnaijua. Wakiomba nyongeza, waulizeni kwa upole: mafuta imepanda kiasi gani, litre ngapi, mifuko mingapi, na siku ikishuka tutafanya nini? Yule anayejibu maulizo hayo manne, pakieni mizigo yake.